Yule wa duka la vifaa tiba: eti "wazee wote saizi yao moja"!

#1 KitindaMimba

Wakuu, salamu baadaye. Nina hasira hapa mpaka simu inateleza mkononi.

Ni yule jamaa wa duka la vifaa tiba. Mnamjua, msijifanye. Yule wa miwani kichwani, hajawahi kuishusha machoni tangu azaliwe, anayekuhudumia huku anaongea na mtu mwingine kwenye simu. Ndiye huyo huyo. Jina silitaji, sitaki kumpa umaarufu wa bure.

Leo nimempeleka bi mkubwa kuchukua woka, ile fremu ya kushikilia wakati wa kutembea. Alivunjika nyonga, akapasuliwa, juzi juzi ndiyo ameanza kusimama. Dada wa fizio, yule wa mazoezi ya viungo, alituandikia kikaratasi, tena kwa mwandiko unaosomeka: woka isiyo na magurudumu, mguu wa kushoto usibebeshwe uzito mwingi, apimwe urefu. Mistari mitatu. Mtoto wa chekechea angeisoma akaelewa na akabaki na muda wa kucheza.

Jamaa akapokea karatasi. Hakuisoma. AKAANZA KUJIPEPEA NAYO.

Nikamwambia kwa upole, kaka, hapo pameandikwa apimwe. Akamtazama mama yangu utosini mpaka miguuni, akasema mbele za watu: "Wazee wote saizi yao moja."

Wazee. Wote. Saizi. Yao. Moja.

Mama yangu ni mfupi. Mfupi yule wa kupanda stuli ili azime taa. Akaletewa woka ya magurudumu manne, ile yenye kiti, kikapu na breki kama za baiskeli, mishikio imemfika karibu na kidevu. Akaishika kama kondakta aliyening'inia mlangoni. Woka ikatangulia. Mama akaifuata. Woka ikaongeza mwendo. Mimi nakimbia nyuma, mteja aliyekuja kununua bandeji anakimbia pembeni, woka inaelekea mlangoni kama imekumbuka kwamba imeacha jiko linawaka. Nikamdaka mama kiunoni. Akageuka, akaniambia kwa sauti ya chini kabisa: "Mwanangu, hiki kitu kinaniacha."

Na yule? Anajipepea.

Halafu akaja na suluhisho lake: "Basi bibi akae kwenye kiti chake hicho, nimsukume mpaka nje." Breki haijafungwa. Na mama yangu haitwi bibi, ana jina.

Nimefika nyumbani nimekaa kimya nusu saa nzima, kichwani linajirudia lile lile. Wazee wote saizi yao moja. Hata mito ya kulalia ina saizi! Niambieni kama mimi ndiye mwepesi wa hasira. Mkisema ndiyo, tutakosana.

#2 NyundoLaini

Nimesoma yote mkuu, pole sana. Swali moja tu: ulinunua?

#3 KitindaMimba

Hilo si suala la leo.

#4 NyundoLaini

AMENUNUA 😂😂

#5 BintiKisogo

Jamani namjua huyo! Ila ana kalamu sikioni, si miwani kichwani. Ndiye aliyempa baba yangu mdogo magongo yaliyombana kwapani mpaka vidole vikawa vinakufa ganzi. Magongo yanatakiwa yaache nafasi ya vidole viwili vitatu chini ya kwapa, uzito ubebwe na viganja. Nilipomrudia akanijibu neno moja: "Atazoea." Mtu anazoea kufa ganzi?

#6 ShangaziMkali

Wa kwangu hana miwani wala kalamu, ana upara unaong'aa. Lakini ni yeye huyo huyo, nimemjua kwa maneno yake.

#7 FundiBilaSpana

Poleni. Woka haipimwi kwa macho, mkuu. Msimamishe bi mkubwa akiwa na viatu vyake vya kila siku, mikono aiachie ining'inie. Mshikio uje sawa na kile kikunjo cha kifundo cha mkono. Akiushika, kiwiko kikunjike kidogo, digrii 15 mpaka 30 hivi. Ukiona mabega yamepanda masikioni, iko juu. Ukiona ameinama kama anatafuta sindano, iko chini. Miguu ya woka ina vitundu na kile kitufe cha chuma, unabonyeza, unashusha, dakika mbili kazi imekwisha. Hakikisha miguu yote iko kitundu kile kile, isije ikacheza kama dawati la shule.

Ila kwa huyo mama hata ukishusha bado si yake. Ya magurudumu manne ni ya mtu anayesimama vizuri bila kuyumba ila anachoka njiani, anataka pa kupumzikia. Mwenye mguu usioruhusiwa uzito mwingi anahitaji kitu cha kuegemea kwa nguvu, na kitu cha kuegemea hakitakiwi kukimbia. Ipo ya katikati, magurudumu mawili mbele, kwa asiyeweza kuinyanyua kila hatua, lakini hiyo nayo aseme wa fizio.

#8 KitindaMimba

Umeona fundi? Kitufe kipo. Dakika mbili. Na mtu anajipepea! Na karatasi ina maelezo YOTE uliyosema hapo, yeye anatafutia nayo upepo!

#9 KobeHaraka

Mleta uzi, unamshambulia muuzaji, na wewe ulikuwa umesimama pale kama woka isiyo na magurudumu. Mama anaondoka na kigari, wewe unamtazama jamaa miwani.

#10 KitindaMimba

Nilikuwa nimeshika mkoba wa mama! Mkoba wa mama unaujua uzito wake wewe?

#11 ProfesaWaKijiwe

Tusikilaumu chombo. Woka ya magurudumu manne ilibuniwa Uswidi mwaka 1978 na Aina Wifalk, mwanamke aliyeugua polio ujanani na aliyejua mwenyewe shida ya kutembea. Kwa hiyo kitaalamu kifaa hakina kosa.

#12 NyundoLaini

Profesa, nani kakishtaki kifaa?

#13 ShangaziMkali

Afadhali Profesa kataja hizo za kiti, maana mimi hilo la kumsukuma mtu juu yake ndilo limenichosha duniani. Kile kiti ni cha kupumzika woka ikiwa imesimama. Si kiti cha wagonjwa cha kusukumwa! Shemeji yangu aliwaachia watoto wamsukume babu yao uani, kigurudumu cha mbele kikagota kwenye ukingo, babu akaendelea mbele na woka ikabaki nyuma. Alivunja meno ya bandia tu, Mungu mkubwa. Shemeji akasema watoto walikuwa wanacheza na babu. Babu alikuwa hachezi.

Breki mnazifunga KWANZA, ile mikono unaisukuma chini mpaka ijibane. Halafu unarudi kinyumenyume mpaka miguu iguse kiti, ndipo unakaa. Nimelisema hili ukoo mzima, wananiona mkali.

#14 KobeHaraka

Si jina lako hilo, shangazi?

#15 MzeeKijana

Mimi ndiye mzee mnayemjadili. Na saizi yangu si moja na ya mtu yeyote.

Nina Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa mwili. Hizi za kawaida zinanikimbia kama ya mama wa mleta mada: miguu inaganda, kigari kinaendelea, mimi nabaki nimeinama kama ninaagana nacho. Nikapatiwa yenye breki za kinyume. Muda wote imejifunga, ukibana mkono ndipo inakwenda, ukiachia inasimama yenyewe. Naishi nayo vizuri. Lakini ya kwanza kabisa kununuliwa haikupita mlango wa choo. Walipima kila kitu wasipime mlango. Nilikuwa naiegesha nje, naingia kwa kushika ukuta, yaani pale hasa ninapoihitaji ndipo sina.

#16 BintiKisogo

Shikamoo mzee wetu. Pole kwa hilo la mlango.

#17 MzeeKijana

Marahaba binti. Mlango tuliushinda, tulileta nyembamba.

#18 KitindaMimba

Shikamoo mzee. Sasa mzee wewe mwenyewe useme, mtu akikutazama machoni akakwambia wazee wote saizi yao moja, ungemfanyaje?

#19 MzeeKijana

Marahaba. Ningemwomba anipepee na mimi.

#20 NyundoLaini

😂😂😂 Uzi ufungwe, mzee kamaliza.

#21 FundiBilaSpana

Usifungwe, bado hajajibu la #2. Mkuu, ulilipa au hukulipa? Maana kama ulilipa, kesho unarudisha.

#22 KitindaMimba

Nililipa. Nilitaka tu tutoke pale. Na risiti aliiandika NYUMA YA ILE ILE KARATASI YA FIZIO.

#23 FundiBilaSpana

Basi una bahati. Unarudi na karatasi moja, upande huu risiti, upande huu ushahidi.

#24 KobeHaraka

Afadhali nyie mna wazee wanaozikubali. Mzee wangu tumempatia woka nzuri, imepimwa, imekaa sawa. Anaanikia taulo. Asubuhi taulo, mchana soksi, jioni koti. Yeye mwenyewe anatembea kwa kushika kabati, meza, bega la mjukuu, kisha kabati tena. Ukimuuliza anakwambia "hiyo ni ya wagonjwa." Ana miaka 84 na kashaanguka mara mbili.

#25 FundiBilaSpana

Mkiweza kumshawishi, msimwachie atundike mifuko mizito kwenye mishikio, inapinduka. Kikapu kimewekwa chini kwa sababu hiyo. Na mkague ile mipira ya miguuni, ikilika inateleza kama sabuni kwenye sakafu yenye maji. Vizulia vidogo vidogo toeni vyote.

#26 KobeHaraka

Fundi, nimesema anaanikia soksi. Soksi nazo zinapindua?

#27 NyundoLaini

Inategemea ni za nani.

#28 BintiKisogo

Mimi kinachoniua si wauzaji wala wazee. Ni ndugu. Kaka yetu mkubwa yuko mbali, haji, lakini anatuma ujumbe wa sauti wa dakika kumi na moja akitufundisha jinsi ya kumwinua mama. "Mwambieni ashike woka ajivute." Ukijivuta kwa woka inakurudia usoni! Mama anatakiwa asogee ukingoni mwa kiti, asukume mikono ya kiti, akishasimama vizuri ndipo ahamie kwenye woka. Fizio katuonyesha kwa vitendo. Nikamwandikia kaka hivyo hivyo, neno kwa neno. Akanijibu kwa kidole gumba. Kesho yake akatuma sauti nyingine: "Bado hajivuti?"

#29 ShangaziMkali

Kaka wa simu! Kumbe na kwenu yupo.

#30 KobeHaraka

Kwetu ni dada wa simu. Aliagiza tumpe mzee bakora badala ya woka kwa sababu "inapendeza zaidi." Tukampa. Akaishika upande wa mguu unaouma, wakati inatakiwa mkono wa pili. Dada akasema kwenye picha haionekani.

#31 MzeeKijana

Wangu ni binti. Anapiga simu ya video aone ninavyotembea. Jana nilitembea sebuleni mizunguko minne, najikaza, kifua mbele. Kumbe mtandao ulikatika mzunguko wa kwanza.

#32 ShangaziMkali

Mzee wangu 😭

#33 KitindaMimba

Wakuu, samahani, uzi huu ni wa yule jamaa. Wa miwani. Wa karatasi. Wazee wote saizi yao moja, mmeshasahau?

#34 NyundoLaini

Tumekusikia mkuu, alijipepea. Binti, huyo kaka angalau anatoa hela?

#35 BintiKisogo

Anatoa ushauri.

#36 KitindaMimba

Ushauri! Basi ngojeni niwaambie wa kwetu, kifungua mimba. Leo hii, wakati ule ule nakimbiza woka mlangoni, mkono mmoja kiunoni kwa mama, mkono mmoja mkoba, simu inaita. Inaita inakata, inaita inakata. Nikajua kuna msiba. Napokea huku nahema, ni yeye. Anauliza kama ipo ya bluu.