Pampu yawaka na kuzima kila mara, fundi ataka ninunue kubwa. Nishaurini

Mama Mtopanga: Assalaam aleikum jamani. Maji ya mfereji kwetu ni ya mgao, yaingia tangi la chini, kisha pampu ya nusu hosipawa yasukuma hadi ghorofani. Kando yake pana ule mtungi mwekundu wa presha, lita 24. Mwanzoni raha mustarehe. Siku hizi ukifungua mfereji wa jikoni tu, pampu yawaka, yazima, yawaka, yazima, na bafuni maji yatoka kwa kurukaruka. Fundi kaja, kachungulia, kasema pampu imechoka, niweke ya hosipawa moja. Pesa hizo ni karo ya watoto. Nimsikize?

Bomba la Likoni: Wa aleikum salaam dada. Kabla ya kufungua pochi: mifereji yote ikifungwa, yatulia au yawaka yenyewe? Ikiwaka na hapana atumiaye maji, pavuja mahali, au vali ya kuzuia maji yasirudi tangini imekwisha.

Mama Mtopanga: Ikifungwa yote, kimya kabisa.

Bomba la Likoni: Basi pampu haina kosa. Angalia upepo. Ndani ya mtungi mna mpira: maji upande mmoja, upepo upande wa pili, na upepo huo ndio usukumao maji mota ikiwa imelala. Maji hayabanwi, upepo ndio hubanwa. Ukiisha, hata kikombe kimoja chaangusha presha na swichi yawasha mota. Ukiweka pampu kubwa hali itazidi, maana itajaza upesi na kuzima upesi.

Zima stima, fungua mfereji wa chini kabisa mpaka mtungi umalize maji, ndipo upime kwa geji ya tairi. Swichi nyingi za nyumbani huja zikiwasha 20 psi (kipimo cha presha, kama cha tairi) na kuzima 40. Zako zikiwa hizo, upepo uwe 18, yaani 2 chini ya pale inapowasha. Ukipima mtungi una maji wajidanganya. Kujaza, pampu ya baiskeli yatosha.

Kijana wa Nyali: Mtungi wa nini? Weka kile kidude cha umeme kinachowasha maji yakianza kutembea. Tangi likikauka chazima chenyewe, mota haiungui.

Bomba la Likoni: Kwa mgao wetu kinga hiyo ni muhimu, sikatai. Ila mfereji ukidondoka, nacho huwasha kila saa kwa kukosa akiba. Mtungi wa 24 wampa kama lita 8 kabla mota haijaamka.

Kijana wa Nyali: Au aunge pampu kwenye bomba la mtaa moja kwa moja, tangi la nini.

Mzee wa Tudor: Wewe mtoto, huko ni kuwanyonya majirani. Na bomba likiwa na ufa, wavuta uchafu wa mtaroni hadi jikoni kwako. Mama, maji ya mgao yakikosekana huongezi ya kisima? Chumvi ya visima vyetu hula chuma mapema.

Mama Mtopanga: Huongeza, mzee wangu. Nimemaliza maji kama nilivyoambiwa, nikabonyeza kile kipini cha upepo. Yametoka maji!

Bomba la Likoni: Mpira umepasuka. Mtungi ukiwa na kifuniko cha boliti, hubadilishwa mpira peke yake. Kifuniko kikiwa na kutu, tafuta cha stenlesi. Nenda dukani na mpira wa zamani, midomo yake hutofautiana.