OHL, chuo cha Marekani au Sweden: beki wa hoki ya barafuni wa miaka 16 aanzie wapi?

Baba_Hamilton
Salaam ndugu zangu. Kijana ana miaka 16, beki wa kushoto, sentimita 183, kilo 71. Timu moja ya OHL, ligi ya vijana ya Ontario, Kanada, ilimchagua mwaka jana raundi ya 5 ya drafti (uteuzi wa wachezaji wapya). Kuna chuo cha Marekani kinachomfuatilia, na kwa kuwa mama yake ni Mswidi, klabu ya huko iko tayari kumpokea kwenye timu ya vijana. Anataka hoki ya barafuni iwe kazi yake. Naomba wanaozijua njia hizi mtulinganishie.

Jicho_la_Skauti
Kaka, kwanza futa hofu ya zamani. Kwa miaka mingi kijana aliyegusa CHL, muungano wa ligi tatu za vijana za Kanada (OHL, WHL na QMJHL), alifungiwa mlango wa daraja la kwanza la NCAA, yaani michezo ya vyuo vya Marekani. Kura ya Novemba 2024 iliondoa kizuizi hicho, na tangu 1 Agosti 2025 wanaruhusiwa, mradi hawajasaini mkataba wa NHL (ligi kuu ya kulipwa ya Amerika Kaskazini) na walicholipwa hakizidi gharama zao halisi za kucheza. Gavin McKenna alitoka Medicine Hat Tigers ya WHL akaenda chuo cha Penn State mwaka huohuo. Kwa hiyo OHL na chuo sasa vinaweza kufuatana. Cha kuamua ni aingie OHL lini na atoke lini.

Raundi ya 5 si nafasi kikosini. Kabla ya kusaini, muulize meneja ana mabeki wangapi wenye mkataba, wangapi wanashika gongo kushoto, na nani anamaliza umri wa ligi ya vijana. Ukikuta kijana atakuwa wa saba, atakaa jukwaani au acheze dakika chache za mwisho mechi ikiwa imeshaamuliwa. Beki hujifunza kwa kukosea akiwa na paki (kisahani cha mchezo), na asiyepangwa hapati hata nafasi ya kukosea. Heri msimu mmoja zaidi wa U18 AAA (ngazi ya juu ya vijana chini ya miaka 18) au Junior A (ligi za vijana zilizo chini ya CHL) akicheza dakika 20 na zaidi. Haki zake za OHL haziondoki kwa kusubiri.

Kocha_Mabeki
Nakubaliana, na niongeze habari ya mwili. OHL ni mechi 68 kabla ya mtoano, mara nyingine tatu ndani ya siku tatu, na basi katikati. Kwa ratiba hiyo mazoezi ya uzito msimuni ni ya kulinda nguvu tu. Kijana wa kilo 71 akiingia Septemba bila akiba, Februari anaweza kuwa na 68, na anaanza kushindwa mapambano ya pembeni mwa ukuta wa uwanja.

Chuoni mechi ni 34 hadi 40 hivi, karibu zote Ijumaa na Jumamosi. Katikati ya wiki kuna siku nne za barafu na chuma. Ndiyo sababu mabeki na makipa wanaokomaa polepole hunufaika sana huko. Beki Cale Makar alipita Brooks Bandits, timu ya Junior A ya Alberta, akachaguliwa wa 4 kwenye drafti ya NHL mwaka 2017, kisha akacheza misimu miwili chuo cha Massachusetts kabla ya kwenda Colorado ya NHL. Hakuna aliyemharakisha.

Ila chuo si mahali pa kwenda na miaka 17 kwa sababu tu barua imefika. Ukiondoa vipaji vya pekee kama Macklin Celebrini, utakuta wanaoanza mwaka wa kwanza wengi wana miaka 19 au 20. Na CHL inaruhusu wachezaji 3 tu wa miaka 20 kwa timu, kwa hiyo wanaobaki nje sasa wanabisha hodi vyuoni, wakati vyuo vilivyoingia kwenye utaratibu mpya wa kugawana mapato na wanamichezo vina kikomo cha wachezaji 26. Nafasi zimebana.

Mama_Nasra
Upande wa shule, tafadhali msiuache mwishoni. Kila msimu wa OHL humpatia mwaka mmoja wa masomo ya chuo uliolipiwa, lakini mkataba ndio unaosema ni ada peke yake au na vitabu na malazi, lazima aanze ndani ya muda gani baada ya kumaliza, na nini kinatokea akisaini kazi ya kulipwa. Hapo ndipo familia nyingi huumia: kijana anajaribu ligi ndogo misimu miwili, akirudi muda umepita. Mwombe wakili asome kipengele hicho kabla ya vingine vyote.

NCAA inadai masomo 16 ya msingi ya sekondari na wastani wa 2.3 kwenye kipimo cha 4.0. Akihamia mji mwingine kuishi na familia mwenyeji, shule mpya ithibitishe kwa maandishi kwamba masomo yake yanahesabiwa. Hesabu au sayansi iliyorukwa darasa la 10 haifidiwi kirahisi darasa la 12.

Juma_Stockholm
Niseme ya huku. Johnny Oduya, ambaye baba yake ni Mkenya, alizaliwa Stockholm, akapita QMJHL, akachaguliwa wa 221 kwenye drafti ya NHL mwaka 2001, kisha akarudi Sweden kukomaa. New Jersey walimchukua 2006. Alitwaa Kombe la Stanley (ubingwa wa NHL) na Chicago 2013 na 2015. Beki wa raundi ya 7!

Faida ya Sweden ni kwamba kijana anayefanya vizuri timu ya vijana anaweza kupandishwa kucheza na watu wazima akiwa na miaka 17 au 18. Hatari yake ni timu kushuka daraja. Timu ikiwa mkiani mwezi Februari, kocha hufupisha benchi, na wa kwanza kukaa ni kijana. Uwanja nao ni mpana zaidi kwa desturi, hadi mita 30 dhidi ya 26 hivi za Amerika Kaskazini, kwa hiyo beki anayejua kubana kwa mwili tu hupitwa kwa nje. Na hachezi rasmi mpaka kadi ya uhamisho ya shirikisho la kimataifa itoke. Ianzeni mapema.

Wakili_K
Jambo ambalo halijatajwa. Kijana aliyechaguliwa na NHL akitokea CHL, akiwa chini ya miaka 20, kwa utaratibu uliopo hawezi kupelekwa AHL (ligi ya kulipwa iliyo chini ya NHL) kwa msimu mzima. Ni NHL au arudi ligi ya vijana. Mkataba mpya wa kazi kati ya NHL na wachezaji unaoanza Septemba 2026 umelegeza kwa mchezaji mmoja wa miaka 19 kwa kila timu. Aliyetokea Ulaya hana kizuizi hicho: William Nylander alicheza AHL na miaka 18.

Mkataba wa kwanza wa NHL ni miaka 3 kwa anayesaini na miaka 18 hadi 21, miaka 2 kwa wa 22 na 23. Kwa waliochaguliwa 2025 kikomo ni dola 975,000 kwa mwaka, lakini hiyo ni akiwa NHL. Akishushwa AHL analipwa sehemu ndogo tu yake. Na asiyechaguliwa asikate tamaa na chuo: nyota wa NHL Martin St. Louis na Adam Oates hawakuchaguliwa na timu yoyote, wote wakatokea vyuoni.

Baba_Hamilton
Ahsanteni sana. Amezaliwa Oktoba 2009. Kuna tofauti?

Jicho_la_Skauti
Kubwa mno. Kwa drafti ya NHL, mwisho wa kuhesabu miaka 18 ni 15 Septemba. Wenzake wa 2009 waliozaliwa kabla ya hapo wanaingia drafti ya 2027. Yeye ni 2028. Ana msimu mzima wa ziada bila kupoteza chochote. Mimi ningemweka U18 AAA mpaka Aprili, kiangazi chote kwenye uzito afike kilo 77, aingie OHL vuli akiwa beki wa nne au wa tano, na chuo akiambie wazi kwamba anakitazamia 2028. Sweden iwe akiba ikiwa Septemba hatapata dakika.

Kocha_Mabeki
Na mkiongea na timu ya OHL, ombeni iandikwe kwamba asipobaki kikosini baada ya kambi ya Agosti anarudishwa klabu yake kabla ya vikosi vya U18 kufungwa.