Methili oranji inatoka matope ya kahawia, tunakosea wapi?

Bika250: Wakuu, praktiko ya oganiki: methili oranji, ile rangi ya MO inayoonyesha asidi kwenye titresheni (kupima asidi kwa besi). Asidi ya sulfaniliki gramu 2.4 (yenye maji ya fuwele), sodiamu naitraiti gramu 0.95, dimethilanilini mililita 1.6. Yanatoka matope ya kahawia, na wakati wa kuchuja rangi nyingi inapita na maji.

fundi_maabara: Vipimo viko sawa, ni kama milimoli 12.5 (kipimo cha idadi ya molekuli) za asidi ya sulfaniliki na za dimethilanilini, naitraiti ikizidi kidogo. Nashuku joto. Dayazo, yaani kile asidi ya sulfaniliki inachogeuka ikikutana na naitraiti, ikipita nyuzi 10 hivi inaanza kuoza: utaona vipovu vya naitrojeni, na kinachobaki ni fenoli, ambayo nayo inaungana na dayazo iliyosalia. Kahawia lenu hilo.

Yeyusha asidi ya sulfaniliki kwa kuchemsha ndani ya mililita 25 za sodiamu kaboneti ya asilimia 2.5. Ipoze kabisa chini ya bomba, ndipo utie naitraiti. Ikishayeyuka, mimina juu ya gramu 12 za barafu zenye mililita 2.5 za haidrokloriki kali. Barafu iwe ndani ya bika, siyo nje tu. Baada ya dakika moja au mbili unajitenga unga mweupe, dayazo yenyewe. Usiukaushe hata kidogo, ukikauka unaweza kulipuka.

azo_dada: Kabla ya kutia amini (dimethilanilini), gusisha tone kwenye karatasi ya wanga na iodidi. Ikipiga bluu-nyeusi papo hapo, naitraiti imebaki. Iue kwa urea kidogo kidogo. Ukiiacha inaishambulia dimethilanilini na kuchafua rangi.

Dimethilanilini ichanganywe kwanza na mililita 1.25 za asidi asetiki kali. Haidrokloriki ikizidi, amini yote inabeba protoni na haiikamati dayazo. Ikienda vizuri, dakika 5 hadi 10 unapata uji mzito mwekundu. Huo bado ni umbo la asidi, msiuchuje! Tia mililita 18 za sodiamu haidroksaidi ya asilimia 10, ugeuke rangi ya chungwa.

Bika250: Na ile inayopita na maji? Tunaosha kwa maji ya kawaida.

fundi_maabara: Ndiyo maana. Chemsha mchanganyiko mpaka uyeyuke, tia gramu 5 za chumvi ya mezani, poza kwenye barafu, chuja kwa pampu, osha kwa maji baridi yaliyoshiba chumvi. Kinadharia mwisho ni gramu 4.1. Mzani ukisoma 5 msishangilie, mmepima chumvi au maji. Fuwelisha tena kwa maji moto machache. Kiwango myeyuko msihangaike nacho, inaoza kabla ya kuyeyuka. Pimeni kwa rangi: nyekundu chini ya pH 3.1, njano juu ya 4.4.

azo_dada: Na glavu, jamani. Dimethilanilini inapenya ngozi, na ni sumu.