Mawe ya Kabwe

*Familia Katuba*

Héritier: Nimefika salama. Mpakani Kasumbalesa tumekaa saa tatu kwenye foleni. 📷 Angalieni nilichookota kwenye mgodi wa zamani wa Kabwe, kule Zambia!

Tantine Béa: Karibu mwanangu. Hilo jeusi linalong'aa ni nini?

Héritier: Galena tantine, jiwe lenye risasi, ile metali nzito. Nimeligonga kidogo tu, likajikata lenyewe pembe nne pembe nne kama sukari ya vipande. Dogo, lakini ukilipokea mkono unashuka.

Nkambo (babu): Ndilo lenyewe. Uzito wake mara 7 na nusu ya maji. Na jeupe la pembeni?

Héritier: Serusiti, nayo ni jiwe la risasi. Ilikuwa ndani ya ufa, vijiti vimesukana. Juani inametameta kuliko kioo.

Nkambo: Hiyo huzaliwa galena ikikaa na maji na hewa miaka mingi. Kwetu mgodini Kipushi kulikuwa na jiwe la renieriti, rangi ya shaba, lenye jerimaniamu ndani, kitu adimu. Wataalamu waliitambua kwanza pale pale, 1948. Niliiona kwenye mwanga wa taa ya kofia. Hadi leo naiona.

Yaya Solange (dada mkubwa): Nkambo samahani nakukata. Héri, hayo mawe yako wapi sasa?

Héritier: Kwa meza yaya.

Yaya Solange: Meza anayolia chakula mtoto wetu Merveille?? Kabwe ilifungwa 1994 na hadi leo watoto wa kule wanakutwa na risasi kwenye damu, kwa vumbi la uani tu! Mtoto anashika, anatia kidole mdomoni, inaenda kuharibu ubongo ambao bado unakua.

Tantine Béa: Eh Mungu wangu. Nachukua ufagio.

Nkambo: Usifagie Béa! Ufagio unarusha vumbi. Kitambaa cha maji, pangusa mara mbili, kisha ukitupe. Viatu vya Héri vibaki nje, nguo zake zifuliwe peke yake.

Nkambo: Héri, uliingia shimoni?

Héritier: Hapana nkambo. Niliona mdomo wa handaki, nikatupa jiwe, nikasikia maji.

Nkambo: Vizuri sana. Pampu zikisimama maji hupanda. Kipushi 2011 pampu kubwa ilikufa, ngazi za chini zote zikazama. Na hewa mbaya haina harufu, unashtukia magoti yamelegea.

Tantine Béa: Nimepangusa. Mawe nimefungia kwenye boksi, juu ya kabati. Merveille alikuwa amelala, hajayagusa. Namwosha mikono hata hivyo.

Yaya Solange: Asante tantine. Roho imetulia.

Nkambo: Jumapili nakuja. Mnitolee hilo jeupe pale nje, nilitazame juani.