Yule mzee wa dirisha la mwisho ofisi ya ushuru leo kanifikisha pabaya!!

Bint_Kisosora:
Wakuu habari za jioni, japo yangu si njema. Naandika nikiwa bado kwenye basi, mikono inatetemeka, bibi wa Kijerumani aliyekaa pembeni yangu kanipa tishu bila kuombwa.

Mliopo mji wetu mnamjua. Sitaji jina na wala halihitajiki. Yule mzee wa dirisha la mwisho, miwani inaning'inia kifuani kwa kamba, hajacheka tangu ukuta wa Berlin uvunjwe. Ukiingia ukakuta zamu ni yake, siku yako imeisha saa tatu asubuhi.

Niliagiza wigi China, Guangzhou kwenyewe. Nywele halisi, inchi 22, lesi mbele, yuro 120 na usafiri 20. Harusi ya binamu yangu ni Jumamosi, nimo kwenye kamati, sare imeshashonwa, kilichobaki ni kichwa tu. Badala ya mzigo ikaja barua: njoo ofisi ya ushuru uuchukue mwenyewe, uje na risiti na ushahidi wa malipo. Kumbe muuzaji, Mungu atamlipa, kaandika juu ya boksi "zawadi, dola 12". Zawadi! Simjui hanijui.

Waliowahi kwenda wanajua utaratibu wa pale. Hawakufungulii wao. Unapewa kisu unafungua mwenyewe wanakutazama, kama umekamatwa na bangi. Nikakata utepe, nikatoa mfuko, nikatoa wigi. Nyuma yangu foleni imefika mlangoni. Mzee akavaa glavu. GLAVU jamani. Akaliokota kwa vidole viwili, akalivalisha ngumi yake, akaizungusha ile ngumi kushoto, akaizungusha kulia, akapandisha miwani, akaniuliza kwa sauti iliyofika hadi kwenye maegesho ya magari:

"Hizi nywele ni za mnyama gani?"

Wakuu. Za mnyama gani.

Nikadhani ni Kijerumani changu kimenitoroka. Nikamwambia samahani, sijasikia. Akarudia polepole, neno moja moja, ili hata wa mwisho kwenye foleni asipitwe. Mnyama. Gani. Kuna kijana alikuwa kafuata vipuri vya baiskeli, akageukia ukutani, mabega yanamcheza. Nikasema ni za mtu. Akanitazama, akalitazama wigi, akanitazama kichwani, na mimi nimesuka twende kilioni ya wiki iliyopita. "Mtu gani?"

Mtu gani! Nimjulie wapi mimi?

Akaenda nyuma kuita mwenzake, ngumi bado imevaa wigi langu. Wakarudi wawili. Wakalinusa. Narudia kwa waliosoma haraka: WAKALINUSA.

Kodi nimelipa, asilimia 19, yuro 26 na senti 60, kwa hilo sina neno, serikali ni serikali. Lakini mnyama gani? Mimi? Mbele ya watu? Wigi liko hapa kwenye mfuko na silitaki tena, kila nikilichungulia naona ngumi. Huyu mtu hana bosi? Hana mke akamuuliza nywele ni nini?

Mzee_wa_Kazi:
Uzi bila picha haunogi. Tunaomba picha ya ngumi.

Lushoto_Ukungu:
Sasa mbona umemkimbia mzee wa watu bila kumjibu? Ni za mnyama gani?

Bint_Kisosora:
Wewe pita hivi. Nina hasira.

Kanali_Mstaafu:
Dada pole, lakini tuwekane sawa. Zamani kitu cha chini ya yuro 22 kilipita bila kodi. Msamaha ule ulifutwa Ulaya nzima tarehe 1 Julai 2021, sasa hivi hata kibanio cha nywele kinatozwa. Kilichosamehewa kwenye mzigo wako, kwa kuwa ni wa chini ya yuro 150, ni ushuru wa forodha peke yake, kodi ya ongezeko la thamani iko palepale. Zawadi nayo inasamehewa hadi yuro 45, tena mtu kwa mtu, siyo duka kwa mteja. Aliyekuponza ni muuzaji. Maduka yaliyojisajili kwa mfumo wa Ulaya yanakukata kodi hukohuko unapolipia na mzigo unakuja mlangoni, humwoni mzee wala glavu. Na swali lake lilikuwa la kikazi. Kwenye jedwali la forodha mawigi ya nywele za mtu, ya nywele za bandia na mengineyo yana namba tofauti.

Bint_Kisosora:
Kanali, nani kakuuliza jedwali? Kwenye jedwali wameandika wanuse?

Mzee_wa_Kazi:
Kanali atakuwa ndiye yeye wa dirisha la mwisho.

Shemeji_wa_Malmö:
Wa Ujerumani mnadeka. Huku Sweden ni asilimia 25, halafu anayeleta mzigo anadai na hela yake ya kukusumbua. Nimeagiza kava la simu, nimelipia kava, nikalipia mtu wa kuniambia kwamba kuna kava.

Mkunazini_Muscat:
Njooni Omani ndugu zangu, asilimia 5 tu tokea Aprili 2021. Balaa la huku ni dereva. Mie nakaa nyumba ileile, mlango uleule, naye kila siku anapiga simu: uko karibu na msikiti gani? Misikiti iko mitatu na yote mimi niko karibu nayo. Juzi mafuta yangu ya udi kampa jirani. Jirani ananukia, mie nanyamaza.

Mmakonde_Texas:
Bora nyie mmezoea. Sisi Marekani tulikuwa tunakula maisha, chini ya dola 800 huulizwi kitu. Mei 2025 wakaanza na mizigo ya China, tarehe 29 Agosti mwaka huohuo wakafunga kwa nchi zote. Nimemwagizia mke wangu khanga doti tano toka Dar, ushuru niliolipa ni sawa nimenunua doti la sita ambalo hakuna aliyeliona. Mke anauliza la sita liko wapi.

Machinga_Msimbazi:
Yaani mna kodi yenye asilimia inayojulikana, mnapewa na risiti, halafu mnalia. Huku nimeagiza viatu, mzigo wa kichele, yaani unachanganywa na wa wengine, ajenti akasema meli imefika. Kesho yake haijafika. Keshokutwa simu haipatikani. Dada wigi lako limenuswa, mimi sijui hata kama viatu vyangu vina harufu.

Bint_Kisosora:
Rudini kwenye mada jamani. MNYAMA GANI.

Lushoto_Ukungu:
Ndiyo tunakusubiri wewe utuambie.

Mwanakwetu_Leipzig:
Mimi mama alinitumia boksi toka Mwanza. Tukafungua palepale kwenye meza yao. Nyama ya kukausha ikaenda pipani, samli ikaenda pipani, maana nyama na maziwa toka nje ya Ulaya hayapiti kwa posta hata yakiwa ya mama. Samli ya mama yangu, wakuu! Dagaa wakaachiwa, samaki ni ruksa hadi kilo 20 kama ni wa kula mwenyewe. Nimetoka pale na dagaa na machozi.

Mha_Halisi:
Dagaa wa Mwanza? Hapo walikosea pipa. Wangewatupa hao wakakuachia nyama. Dagaa ni Kigoma, wengine ni mchanga wenye macho.

Msukuma_wa_Sengerema:
Mchanga unatoka ukiwaosha kwa maji ya moto. Kukosa ladha hakuoshwi.

Mha_Halisi:
Bei ya kilo Kariakoo inaongea yenyewe. Muulize Machinga hapo juu.

Machinga_Msimbazi:
Mimi nasubiri viatu, msiniingize. Ila Kigoma ni ghali, ukweli usemwe.

Bint_Kisosora:
Nyie mna roho gani? Jumamosi naenda kujifunga kilemba.

Lushoto_Ukungu:
Kilemba cha mnyama gani?

Shemeji_wa_Malmö:
Nimecheka mpaka mtoto kaamka. Haya, Mha, hao wa Kigoma unawapikaje? Huku nina nusu kilo kwenye friza tangu nirudi likizo.

Mha_Halisi:
Mawese. Usiniletee mambo ya mafuta ya alizeti kwenye dagaa wa Kigoma.

Mwanakwetu_Leipzig:
Mawese nayapata wapi Ulaya? Au niagize niende tena kwa yule mzee?

Mha_Halisi:
Maduka ya Waafrika wanauza ya Ghana. Ni mazito kidogo, tia kijiko kimoja. Kitunguu kwanza, nyanya, ndimu mwishoni, na usiwakorogekoroge, watavunjika vichwa.

Msukuma_wa_Sengerema:
Na pilipili. Hajasema pilipili huyu.