Ushauri: Land Rover 109, Land Cruiser 60 au Pijo 504 kwa kuvuta karavani (Mwanza)

MamaNyegezi

Wakuu habari za jioni. Mimi ni nesi mstaafu, naishi Nyegezi na mzee wangu. Tumenunua karavani kuukuu kwa mhandisi aliyemaliza kazi ya barabara akarudi kwao Afrika Kusini. Lina vitanda viwili, jiko la gesi na kabati, na mlango uko kushoto, kwa hiyo ukiegesha pembeni unashukia kwenye majani, hushukii kwenye magari. Ni la ekseli moja. Tulilipeleka tupu kwenye mizani ya kiwanda cha kuchambua pamba, likasoma kilo 860. Tukiweka maji, mtungi, magodoro na vyombo nakadiria litafika 1,100.

Nia yetu ni kuwafuata wajukuu Musoma, kulala Lamadi karibu na geti la Ndabaka, halafu Desemba twende Bukoba kwa daraja jipya la Kigongo–Busisi. Dereva ni mimi, macho ya mzee hayaruhusu tena. Hatuna haraka na hatuendi usiku.

Gari nataka la zamani. Bajeti ni milioni 18, na zaidi ya hapo nayapenda magari ambayo fundi anayafungua kwa spana. Kwa hiyo msiniambie ninunue jipya. Nimeona matatu:

Land Rover 109 Series III ya 1978, petroli, iko Misungwi. Niliendesha moja ya namna hii miaka mingi kwenye kliniki ya mkoba, tukipeleka chanjo vijijini. Sauti yake naijua kama ninavyojua pumzi ya mtoto mwenye nimonia. Nasema wazi, moyo wangu uko hapa.

Land Cruiser HJ60 ya 1986, dizeli, iko Igoma. Bodi imekula kutu milango ya nyuma na pembeni juu ya tairi. Injini inawaka mara moja.

Pijo 504 pikapu, petroli 1.8, iko Kirumba. Ndiyo rahisi kuliko zote na ni safi kwa macho.

Lipi livute karavani langu? Naomba sababu, jina tu halinitoshi.

DagaaWaKirumba

Mama shikamoo. Chukua Pijo. Hapa Mwaloni tumezibebesha magunia ya dagaa hadi Shinyanga na zaidi, hazikulalamika. Ni gari lililoshinda Safari Rally mwaka 1975 na Ove Andersson, likarudia 1978 na Jean-Pierre Nicolas, na njia zile zilikuwa matope matupu. Linakaa vizuri barabarani kuliko hayo mengine mawili, siti zake hazikuchoshi kiuno, na mafuta hunywa kidogo. Milioni zitakazobaki weka tairi mpya.

FundiNyakato

Shikamoo mama. Nimefungua aina zote tatu hizo, kwa hiyo niruhusu niandike kirefu, maana hili jambo linaumiza watu.

Kila anayeuliza gari la kuvuta anauliza nguvu. Kilo 1,100 kwenye lami ya Mwanza–Musoma, gari lolote kati ya hayo litazisogeza. Swali langu ni hili: ukishuka kwenye mteremko, ng'ombe akakatiza, nani atalisimamisha karavani? Chagua gari kwa breki na kwa uzito wake lenyewe. Injini iwe ya tatu.

Anza na uzito. Waingereza, ambao huvuta karavani sana, humshauri dereva mgeni kwamba tela lililojaa lisizidi asilimia 85 ya uzito wa gari tupu. Sheria haimlazimishi, ni ushauri, lakini una akili ndani yake: gari jepesi huburuzwa na mzigo wake. Pijo 504 ni kiasi cha tani moja na robo, asilimia 85 yake ni kama kilo 1,060. Tayari umepita. Ile 109 tuseme kilo 1,600, unaruhusiwa 1,360. HJ60 ni karibu tani mbili, unaruhusiwa 1,700.

Kaka wa Kirumba, hoja yako ya magunia naielewa, na Pijo ni gari la heshima. Ila gunia kwenye kitanda hukaa juu ya tairi za nyuma na kuzikandamiza chini, gari linapata mshiko zaidi. Karavani liko nyuma ya gari, lina tairi zake, lina upana wa kushika upepo, na hulivuta gari mkia kushoto na kulia. Hizo ni kazi mbili tofauti. Na lile lililoshinda 1978 lilikuwa kupe lenye injini ya V6, usilichanganye na pikapu.

Sasa breki. 109 ina breki za dramu magurudumu yote manne. Dramu ikipata moto hutanuka, inajitenga na viatu vya breki, pedeli inashuka chini na mguu wako unatafuta kitu ambacho hakipo. Tena viatu vyake hurekebishwa kwa mkono, fundi asipopita mara kwa mara gari linavuta upande mmoja. HJ60 ina diski mbele, dramu nyuma, na busta ya kuusaidia mguu kukanyaga. Hapo tu mimi nimeshaamua.

Injini nayo ina neno lake. Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na tabo (kisukuma hewa) hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu kwa hewa ya huku. 109 ya petroli ni lita 2.25, silinda nne, nguvu za farasi sabini na kitu ikiwa mpya, na hiyo ya Misungwi si mpya. Injini ya HJ60, inayoitwa 2H, ni lita 4, silinda sita, farasi mia na ushei. Majira yake (taimingi ya valvu) yanaendeshwa kwa gia, hakuna mkanda wa kukukatikia katikati ya Magu na Lamadi. Ni injini ya polepole inayovuta kutoka chini kabisa, ndiyo unayoitaka. Kutu ya milango haivuti karavani, usiiogope. Ila chungulia chini ya zulia na kwenye vishikio vya springi.

Kwa kuwa moyo wako uko Misungwi, nenda kaione kwa haki. Watu husema Land Rover haishiki kutu kwa sababu bodi ni alumini. Chesesi ni chuma. Na mahali panapooza kwanza ni lile boriti la mwisho la nyuma, chini kabisa ya mlango, ambalo ndilo unalolifungia kichwa cha kuvutia. Chukua bisibisi na nyundo ndogo, gonga pole pole kutoka upande hadi upande. Sauti ya chuma kizima ni kali. Ikiwa nzito kama ya ubao, au bisibisi ikizama, hapo pamefunikwa na rangi.

Karavani lenyewe. Hilo bila shaka lina breki ya kusukumwa: gari likipunguza mwendo, karavani linasogea mbele, shingo inaingia ndani na kuvuta waya wa breki. Likikaa muda mrefu, ule mti wa chuma unaoingia na kutoka kwenye shingo unashika kutu na breki inakufa kimya, na kilo 1,100 zote zinakuja mgongoni mwako. Ufunguliwe, usafishwe, utiwe grisi. Fungua beringi za magurudumu pia. Tairi zitazame tarehe: tarakimu nne za mwisho kwenye ubavu, mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka, 2309 ni wiki ya 23 ya mwaka 2009. Tairi la karavani huuawa na jua kabla ya kulika, hata kashata zikionekana nzima.

MwanaKamachumu

Shikamoo mama, na pongezi kwa safari. Mimi nafuata njia ya Bukoba. Naongeza mawili ambayo fundi hajayagusa.

Daraja la Kigongo–Busisi lina urefu wa kilomita 3 na hakuna mti wala kilima cha kukukinga. Mchana upepo unatoka ziwani na utalipiga karavani ubavuni. Likianza kuyumba, ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani uliotulia, liache lijitulize. Usikanyage breki kwa nguvu na usipambane nalo kwa usukani. Ukiweza pita asubuhi.

Kuyumba huanzia kwenye upakiaji. Vitu vizito, maji na mchele na mitungi, viwe sakafuni juu ya ekseli. Usijaze nyuma. Shingo inatakiwa ilale kwenye gari kwa kilo 80 hadi 100 kwa karavani la tani moja na kidogo. Wewe nesi una mizani ya kumpimia mtu: weka kigogo juu yake, pumzisha shingo pale, soma. Ila uangalie pia kichwa cha kuvutia kimeandikwa kubeba kiasi gani.

Ukifika milima ya Muleba, gia unayopandia ndiyo ushukie. Usisubiri gari lichanganye ndipo utafute namba mbili.

MamaNyegezi

Marahaba wanangu wote. Nimesoma taratibu, nimemsomea na mzee.

Jana nilikwenda Misungwi na bisibisi. Boriti la nyuma upande wa kulia lilitoa sauti niliyoielewa kabla sijamwuliza mtu. Nilikwangua rangi, chini yake kuna pati, ile ya kuzibia mashimo ya bodi. Mwenye gari alinyamaza. Nilisimama pale muda kidogo nikaipapasa boneti, maana gari hilo limefanana kabisa na lile tulilokuwa tunapakia masanduku ya chanjo alfajiri. Halafu nikaondoka. Siwezi kumfungia mume wangu na wajukuu kwenye pati.

Pijo nimeiacha kwa sababu ya uzito, bila kuidharau.

HJ60 ya Igoma nimeijaribu na fundi wangu. Inasimama vizuri, haitoi moshi mweusi, joto halikupanda. Maswali mawili kabla ya kulipa. La kwanza, ina betri mbili na fundi anasema ni volti 24, na taa za karavani ni za 12. Amependekeza tuchukue umeme kwenye betri moja tu. La pili, tulipojaribu kurudi nyuma kwa kusogeza karavani, breki zake zilikamata lenyewe likagoma.

FundiNyakato

Mama, hapo kwenye boriti umefanya kilichotakiwa, na najua kilikugharimu.

Volti 24 ni kawaida kwa HJ60 nyingi zilizouzwa kwanza Japani. Usikubali umeme utolewe kwenye betri moja. Betri hizo zimefungwa mfululizo na zinachajiwa pamoja. Ukinyonya moja, hiyo itakuwa na njaa kila siku na mwenzake atazidishiwa, zote mbili zitakufa mapema. Nunua kibadilishi cha 24 kwenda 12, kifungwe karibu na soketi ya tela na kiwe na fyuzi yake. Njia nyingine rahisi zaidi ni kubadili taa za nje za karavani peke yake ziwe za 24, LED za malori zipo tele pale mjini. Lakini taa za ndani na pampu ya maji zibaki na betri yao ndogo ya 12.

Kukamata wakati wa kurudi nyuma si ubovu. Shingo inasukumwa ndani kama vile unafunga breki, nayo haijui tofauti. Karavani za zamani zina kikabari kidogo cha chuma kwenye shingo, karibu na hendibreki. Unashuka, unakilaza ili kizuie mti usiingie, ndipo unarudi nyuma. Ukimaliza lazima kirudishwe, la sivyo utaondoka bila breki za karavani kabisa. Mpe mzee kazi hiyo: kabla hujaweka gia ya kwanza yeye anakwenda kukigusa kwa mkono na kukuambia kiko juu.

Tairi za karavani zinasoma ngapi?

MamaNyegezi

Moja inasoma 1411, nyingine haisomeki. Nabadilisha zote mbili na ya akiba. Kikabari tumekiona, kilikuwa kimezikwa kwenye grisi kavu. Jumatatu nakwenda Igoma na hela.