Yashica Electro 35 inakuja na shangazi Disemba, nianze kuandaa nini?

ziwa_na_mwanga (Kisumu)
Wadau habari za jioni. Mimi hupiga picha za harusi na matanga na kamera ya dijitali lakini roho imekuwa kwa renjifainda ya filamu kitambo (zile kamera unafokasi kwa kuunganisha picha mbili katikati ya kidirisha), sasa shangazi yangu wa Uingereza ameniokotea Yashica Electro 35 GSN kwa duka la mitumba huko na atakuja nayo Krismasi. Picha amenitumia WhatsApp. Ngozi ya bodi imebanduka kando ya lenzi, kamba hakuna, betri hakuna, kifuniko cha lenzi hakuna, ila lenzi yenyewe inakaa safi. Mimi hapa mikono inaniwasha tu. Nilikuwa nawaza nimuone fundi wa viatu pale Kibuye anishonee kamba ya ngozi na kile kipochi cha kufunika nusu ya chini, ngozi ya bodi nibadilishe iwe damu ya mzee, alafu niweke kile kitufe kidogo cha kuongezea juu ya kitufe cha shata. Nianze na gani? Na kuna kitu shangazi anaweza kuangalia ama kununua huko kabla apande ndege? Bajeti ni ile ya mwalimu, na tafadhali mtu asinitajie Leica.

Bondeni_B (Nakuru)
Hongera mkuu, hiyo ni mashine. Lakini umeanza na nguo na mgonjwa hajapimwa.

Kwanza betri. Electro wewe unachagua tundu la lenzi tu, spidi ya shata inachaguliwa na umeme, kutoka sekunde 30 hadi 1/500. Bila betri bado inapiga lakini kila picha ni 1/500, mvua iwe jua liwe. Betri yake ya zamani ilikuwa ya zebaki, volti 5.6, na hizo zilishaachwa kutengenezwa. Watu siku hizi wanaweka ya volti 6 aina ya 4LR44 na kamera haisumbuki, shida ni kwamba hiyo ni ndogo kuliko shimo lake kwa urefu na kwa unene. Shangazi anaweza kuagiza adapta huko mtandaoni. Asipoweza, chukua LR44 nne kwa fundi wa saa, zile za kikokotoo na midoli, zipange moja juu ya ingine zote zikiangalia upande mmoja, zungushia karatasi ngumu mpaka zikae katikati bila kucheza, na nafasi inayobaki ijaze na springi. Ya kalamu huwa nyembamba sana, tafuta ya tochi. Ukibonyeza kitufe cha kupima betri na taa ya kijani iwake, umepona.

La pili ndio kubwa. Mwambie shangazi avute mkono wa kupeleka filamu polepole chumba kikiwa kimya, asikilize. Inatakiwa ilie "tok" ndani ya tumbo. Kuna kapadi ka mpira huko ndani ambako huoza na umri, kakiisha hiyo tok inapotea na spidi zinaanza kudanganya. Kukabadilisha ni kazi ya kufungua kamera, inawezekana, lakini ni heri ujue mapema kabla hujalipa fundi wa ngozi.

otero_wa_simu
Na si simu yako iko na kamera tatu nyuma bana 😂

Bondeni_B (Nakuru)
@otero_wa_simu na nyumbani kuna maji ya mfereji lakini watu wanaenda ziwani kuogelea. Tuachie.

reksini_na_sindano (Kakamega)
Mimi kazi yangu ni viti vya matatu, kamera ni mapenzi tu, kwa hivyo hii ya ngozi nijibu mimi.

Kaka, hapo kando ya lenzi ndipo pananipa wasiwasi. Skrubu zinazoshika ule uso wa mbele wa lenzi ziko chini ya hiyo ngozi, kwa hivyo ikibanduka hapo peke yake na kwingine imeshika vizuri, kuna uwezekano mtu alishaingia humo na bisibisi. Inaweza kuwa fundi mzuri alisafisha, inaweza kuwa mtu aliharibu akarudisha kwa rafu. Hiyo tok ya Bondeni_B itakuambia.

Ukija kubadilisha usichukue reksini ya viti, iko na kitambaa nyuma na ni nene, kingo zitasimama kama mkate. Omba vipande vya ile nyembamba inayotumika kwa mikoba, fundi anakupea hata bure maana kwake ni takataka. Ngozi ya zamani ipashe na drai ya nywele itoke mzima mzima, usiirarue, hiyo ndio ramani yako. Iweke juu ya karatasi uchore, kata karatasi, jaribisha karatasi kwa bodi mpaka ikae, ndio sasa ukate reksini na wembe mpya. Nasema wembe mpya kwa sababu ile duara ya kuzunguka lenzi ikikatwa na wembe butu inatoa nyuzi na kila mtu ataona. Supaglu weka mbali kabisa. Tumia selotepu ya pande mbili, siku moja mtu atahitaji kufika kwa zile skrubu tena.

Damu ya mzee itatoka poa sana na hiyo chuma nyeupe. Kamba mwambie fundi aweke kijiduara cha ngozi nyuma ya ringi za chuma, hiyo kamera ina karibu gramu 750, ringi itakwaruza bodi kila ukitembea.

Asubuhi_Dunga (Kisumu)
Kamba sawa, kitufe sawa pia, shata ya Electro inashuka mbali kabla ipige na hicho kinasaidia. Kile kipochi mimi napinga. Wewe uko Kisumu, unyevu wa huku unaujua, ngozi inanyonya maji na kukaa nayo, ukifungia kamera humo wiki mbili tatu bila kuitumia unafuga kuvu kwa lenzi. Nunua kipochi ukitaka cha kutembea nacho, lakini usiku kamera ilale uchi ndani ya kopo la plastiki linalofunga kabisa, na vile vipakiti vya "usile" vinavyokuja kwa boksi za viatu.

Ingine ambayo hamjamwambia ni jua letu. Usinunue filamu ya 400 (hiyo namba ni ASA, ikiwa kubwa filamu inahitaji mwanga kidogo) ukidhani zaidi ni bora. Saa sita pale Dunga na filamu ya 400 utahitaji f/16, yaani tundu la lenzi dogo kabisa, na karibu 1/400, na hiyo mashine mwisho wake ni 1/500, kwa hivyo ukifungua lenzi kidogo tu taa nyekundu inakuwakia, kila kitu unapiga f/16 basi. Filamu ya 200 inakupa f/11, ya 100 inakupa f/8, hapo unapumua. Hata betri ikikufia katikati ya safari, na 200 unaweka f/11 unaendelea na ile 1/500 yake mpaka jua lipungue.

Na ukiweka filta ya manjano kwa mawingu, kumbuka jicho lake la mwanga liko juu kwa bodi, haliangalii kupitia lenzi, kwa hivyo halijui kama kuna filta. Teremsha namba ya ASA nusu, 200 iwe 100. Uzi wa filta ni milimita 55.

ziwa_na_mwanga (Kisumu)
Aki mmenisaidia. Nimempigia shangazi saa hii, amevuta ule mkono karibu na simu na TOK imesikika mpaka huku 🙌 adapta anaagiza. Sasa amefungua mlango wa nyuma anasema kuna kitu nyeusi inanata vidole kama lami, ni nini hiyo? Na picha mbili za katikati ya kidirisha anasema hazionekani vizuri.

Bondeni_B (Nakuru)
Asante Mungu kwa hiyo tok. Lami ni sponji za kuzuia mwanga, zote za umri huo zimeyeyuka. Shangazi asiguse. Ikifika utoe na kijiti cha meno na spiriti, kamera ikiinamia chini uchafu usiingie ndani, alafu kwa ile mifereji ulaze uzi mweusi wa sweta, upande wa hinji ukate kipande cha sponji nyembamba. Uzi unakaa miaka, sponji itaoza tena.

Kidirisha kikiwa hafifu, kata katepu keusi kadogo kama punje ya mtama ubandike nje katikati ya kioo kikubwa cha mbele, ile doa ya fokasi itang'aa. Alafu kabla uweke filamu simama mahali wazi, peleka lenzi mwisho kabisa na uangalie busta (mnara wa simu) ya mbali, kilomita moja na zaidi. Busta mbili zikiwa moja, iko sawa. Zikiwa mbili usianze kuzungusha skrubu, andika hapa kwanza uniambie zimeachana kwa upande ama kwa juu na chini.

reksini_na_sindano (Kakamega)
Na reksini ya damu ya mzee nitakutumia na matatu, nina vipande. Sema tu stage gani.